Mwenye Nyumba Aliyeweka Mdomo Rehani

"Hatafika lenta huyo."

Nakumbuka siku niliyoyasikia maneno hayo, mwanangu. Ndiyo siku niliyomwagiwa mchanga kwa mara ya kwanza kwenye kiwanja changu kule Temeke, upande wa Chang'ombe. Aliyeyasema alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu mama Kulwa, ameketi kwenye benchi la kahawa na wenzake, wala hakujali kupunguza sauti.

"Katoka Botswana na mabegi mawili na cheti," akaendelea. "Cheti kinajenga? Atachimba msingi, majani yataota, sie tutafungia mbuzi humo."

Wakacheka wote. Muuza kahawa naye akacheka, na mimi nilikuwa nimetoka kumlipa.

Lenta, kwa wewe ambaye hujajenga bado, ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Maboma mengi ya mji huu huishia hapo, mwenyewe akazeeka akiyatazama. Mimi nilifika lenta, nikaipita, nikapaua. Sijisifu, nasimulia kilichotokea. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na ushee, nina diploma ya ujenzi niliyoisomea jioni kule Gaborone huku mchana nikibeba matofali ya watu, na mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Niliitundika sebuleni kabla sijatundika saa ya ukutani.

Watu waliniuliza nimepaua kwa fedha gani. Niliwajibu, "Akili." Nawe nitakuambia akili yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu ndiyo kiini cha nasaha hii. Mjini kwetu mwenye nyumba haombi kodi ya mwezi mmoja. Anaomba ya miezi sita, au ya mwaka, mkononi, kabla mpangaji hajaingiza godoro. Ni desturi, hakuna anayeishangaa. Mimi nilikwenda mbali zaidi: nilipokea kodi ya mwaka mzima kwa vyumba ambavyo bado vilikuwa vinatazama mbingu, nikanunulia mbao na mabati. Simenti niliifuata mwenyewe kiwandani Wazo, nikarudi nimekaa juu ya mifuko, mweupe kama mzimu, nafurahi. Kwa hiyo mpangaji aliyeingia kwangu alikuta kodi yake iko juu ya kichwa chake, imepigiliwa misumari.

Nilijiona mjanja kuliko mji.

Wapangaji wangu walikuwa watu wa namna zote, lakini wawili ndio utakaowashika katika habari hii. Wa kwanza ni Agnesi, muuguzi, mtoto wa Songea, aliyeishi na binti yake mdogo chumba cha karibu na geti. Alipangiwa zamu za usiku, kwa hiyo usiku wake ulikuwa mchana. Wa pili ni Side, kijana wa palepale Temeke, fundi wa spika. Alikuwa akifunga maspika makubwa kama makabati na kuyakodisha kwenye shughuli za watu. Na spika, mwanangu, haiuzwi wala haikodishwi bila kujaribiwa. Side alizijaribu asubuhi, mbele ya geti langu, muziki wa singeli juu, mpaka vikombe vya mama Kulwa vikawa vinatembea kabatini.

Penye muziki hapakosi vijana. Walikuja wakaegemea ukuta wangu mpya, wakavuta sigara zao na vingine visivyo sigara, wakakojoa pembeni, na kila mwanamke aliyepita walimtupia neno. "Sista, mbona unatembea kama unadaiwa?" Wanacheka. Msichana wa watu anaharakisha, kanga inamponyoka, wanacheka zaidi.

Agnesi alinijia siku moja kabla ya adhuhuri, macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo, baba Kulwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujalala?"

"Nalala wapi? Mimi siombi wanyamaze milele. Naomba asubuhi tu, mpaka jua likivuka utosi. Nina wagonjwa usiku."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nyumba ina mwenyewe. Nikavaa shati, nikatoka kwenda kwa Side.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba," akasema, ameshika bisibisi mdomoni.

"Marahaba. Side, huu muziki."

"Umeupenda, ee? Hilo besi nimelifunga mwenyewe."

"Uhamishe. Ama uhame wewe."

Akatoa bisibisi mdomoni, akatabasamu bila ubaya wowote. "Mie sina noma, mzee wangu. Nirudishie kodi yangu iliyobaki, jioni hunikuti hapa."

Halafu akainua macho akayatazama mabati. Nami nikayatazama. Vijana ukutani nao wakayatazama, wakaanza kucheka mmoja mmoja. Nilirudi ndani nikamwambia mama Kulwa kwamba Side ameomba muda wa kujipanga. Mama Kulwa alikuwa anavirudisha vikombe mahali pake.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Nyumba ni yangu, hati ni yangu, tofali nimelisimamia mimi, na mtu amenicheka mbele ya geti langu. Sasa mwenye nyumba ni nani? Nikaona tatizo ni sheria. Huko nilikotoka, nikajisemea, kuna sheria, na mimi ndiye mwenye elimu ya kuleta sheria hapa.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa, kama ilivyo ada, na diwani wetu alikuwa mwanamama mpole, msikivu, mwenye daftari la kuandikia na tabia ya kutoandika. Nilisimama. Mwanangu, siku ile nilisema! Nikaeleza habari za ustaarabu wa makazi, nikapendekeza mambo mawili: kwanza, muziki mtaani mwisho saa nne za usiku, pili, mwenye nyumba atakayemhifadhi mpangaji msumbufu atozwe faini yeye mwenyewe, ili wenye nyumba wawajibike. Nilipigiwa makofi. Diwani akasema atayapeleka kwenye baraza la madiwani yawe sheria ndogo, na kwa sasa mtaa uanze kuyatumia kama makubaliano. Shemeji yangu aliyesema sitafika lenta alikuja kunishika mkono.

Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Asubuhi iliyofuata singeli ikapigwa kama kawaida. Nikatoka mbio. Side akaniamkia, kisha akauliza kwa heshima, "Mzee, si mmesema mwisho saa nne usiku? Sasa hivi saa tatu asubuhi."

Nikageuka nikarudi ndani. Katika mkutano mzima, sisi watu wazima na mheshimiwa diwani, tulikuwa tumetunga sheria ya kuwalinda wanaolala usiku. Yule aliyenituma, anayelala mchana ili wagonjwa wetu wapate wa kuwaangalia usiku, hakuwamo hata katika nukta moja. Na niliyemsahau ni mimi, niliyekuwa nimeombwa naye ana kwa ana. Nilisahau vipi? Mpaka leo sijui. Nadhani hamu ya makofi ilinipitia.

Kipengele cha pili ndicho kilichonichanganya kabisa. Wenye nyumba wenzangu waliogopa faini, kila mmoja akaanza kuwarudishia wapangaji wake wakorofi kodi iliyobaki na kuwafukuza. Sasa mtu aliyefukuzwa hawi moshi, akapaa akapotea. Anatafuta chumba kingine, na mtaani mwetu chumba kinatafutwa kupitia dalali. Wakati huo mimi nilikuwa nimekamilisha vyumba viwili vya nyuma, shimo la choo linahitaji mfuniko, na mfuko hauna kitu. Dalali akaniletea vijana wawili, wameoga, wamechomekea.

"Watulivu hawa, mzee. Wana miezi sita mkononi."

"Wanatoka wapi?"

"Hapohapo mtaa wa nyuma. Wamependa hewa ya kwako."

Nikapokea. Mfuniko wa choo ukamwagwa siku ileile. Jumamosi yake wale vijana watulivu wakavua mashati na kutoa kinanda, kipaza sauti na ngoma, wakaungana na Side mbele ya geti. Kumbe walikuwa kundi moja, wamefukuzwa nyumba mbili kabla ya kwangu, na aliyewafukuza mara ya mwisho ni jirani yangu wa nyuma, ambaye kila Ijumaa tulikuwa tunasalimiana. Nikamfuata.

"Ndugu yangu, mbona hukuniambia hawa watu wakoje?"

"Hukuniuliza," akasema. "Halafu ningekuambia, ungewachukua? Wangebaki kwangu, na faini yako ningelipa mimi."

Sikuona kosa lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sheria niliyoitunga kwa diploma yangu ilikuwa imefagia wakorofi wa mtaa mzima ikawarundika kwangu. Juu ya hayo, kwa mujibu wa kipengele nilichokipendekeza kwa mdomo wangu, anayestahili faini sasa nilikuwa mimi. Na kweli mtendaji wa mtaa alikuja, ana aibu kuliko mimi, akasema, "Baba Kulwa, si ulisema wenye nyumba wawajibike?"

Hayo yote, mwanangu, yangekuwa kichekesho tu kama si Agnesi. Alikuja tena. Safari hii hakukaa wala hakulalamika.

"Baba Kulwa, jana usiku nilishika bomba la sindano mbele ya mgonjwa nikasahau dawa iliyomo ni ya nani. Mwenzangu ndiye aliyenishika mkono."

Nikasema pole.

"Sitaki pole. Kuna shangazi yangu Kunduchi, ana chumba. Nirudishie kodi yangu iliyobaki nimchukue mtoto wangu nihame. Nikiendelea hapa ama nitafukuzwa kazi, ama nitaua mtu."

Nilishika komeo la mlango. Kodi yake ilikuwa wapi? Ilikuwa imekwisha kuwa mbao za papi na misumari. Side simfukuzi kwa kuwa nimekula kodi yake, na Agnesi simwachii aende kwa kuwa nimekula ya kwake pia. Nilikuwa nimemfungia mtu wa watu ndani ya kelele, na kufuli nililomfungia nililinunua kwa fedha yake mwenyewe. Nikamwambia, "Nipe muda wa kujipanga." Yaleyale niliyomsingizia Side. Agnesi akasema, "Sawa, baba," akaenda zake. Ile "sawa, baba" ilinikaa kifuani kuliko matusi.

Sasa nije kwa Bi Tatu. Huyu alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa palepale tangu mji ukiwa mashamba, mwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita mkabala na yangu, ng'ambo ya barabara. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi, kama hujui, ni watani tangu enzi za mababu zetu waliobeba mizigo kuja pwani. Mtani anaweza kukuambia mbele ya watu jambo ambalo ndugu yako anaogopa kukunong'oneza, tena anaweza kuingia kwako akachukua kitu, nawe huruhusiwi kununa. Unakikomboa. Ukinuna, umeshindwa utu.

Bi Tatu aliingia sebuleni kwangu saa tano za asubuhi, singeli inatikisa diploma ukutani. Hakubisha hodi. Alitazama huku na huku, kisha akakishika kiti changu cha mikono cha mti wa mninga nilichochongesha Tabora, ambacho hata watoto hawakuruhusiwa kukikalia.

"Mtumwa wangu," akasema, "nakichukua hiki."

"Mtani, hicho ndicho kiti cha baba mwenye nyumba."

"Ndiyo maana nakichukua. Kimekosa mwenyewe." Akaketi kwanza, akajinyoosha. "Kizuri. Hebu niambie, Mnyamwezi. Mie pale kwangu nina wapangaji sita. Umewahi kusikia ngoma mchana?"

"Wako ni wastaarabu."

"Wastaarabu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mmoja ni mlevi, mmoja ana mdomo kama pakacha, na wajukuu zangu mwenyewe wanavuta bangi nyuma ya choo, usidhani nina dawa. Lakini nikisema zima, kinazimwa. Unajua kwa nini?"

Sikujua. Kwa kweli sikujua, nilidhani ni umri wake.

"Kwa sababu mie napokea mwezi kwa mwezi. Asiyenitaka aende, nisiyemtaka aende, hakuna anayemshika mwenzie shati. Wewe umepokea kodi ya mwakani, ukaila. Mdomo wako umeuweka rehani, kisha unakwenda mkutanoni kuazima mdomo wa diwani. Sheria ni mdomo wa kuazima, mtumwa wangu. Haumkai mtu ambaye wa kwake ameuuza."

Nilitaka kumjibu kuhusu gharama za ujenzi, kwamba bila kodi ya mbele hakuna kijana anayepaua katika mji huu. Ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli. Lakini Bi Tatu alikwisha kuinuka.

"Na jambo jingine. Huyo Side, umemwambia kwamba yule binti wa getini analala mchana?"

"Si anaona?"

"Anaona mwanamke anayepita asubuhi bila kumsalimu mtu, anajifungia. Wenzie wanasema anaringa." Akawaita wapangaji wangu wawili wanawake waliokuwa wanafua uani. "Nibebeeni kiti changu." Wakakibeba! Mlangoni akageuka. "Utakikomboa siku ukiwa mwenye nyumba."

Vijana wa ukutani walipoona kiti cha mninga kinavuka barabara juu ya vichwa vya wanawake, muziki ulizimwa wenyewe kwa mshangao. Huo ndio ukimya pekee nilioupata mwezi ule.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wamesema wahenga, lakini mimi nilikuwa nalala ndani na nilikuwa siijui. Alasiri nikaenda kwa Side, safari hii bila kuvaa shati la mkutanoni. Nikamwambia habari za Agnesi, zamu zake, na lile bomba la sindano. Side akazungusha kitufe cha spika bila kukiangalia.

"Sasa mbona hakusema?"

"Aliniambia mimi."

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikashusha macho kwenye nyaya zake, naye akaendelea.

"Haya, mzee. Usiku nisipige, mmepitisha sheria. Mchana nisipige, kuna dada amelala. Mie spika nijaribie wapi, tumboni? Nina mama yangu, nina mtoto. Niambie mahali, nitakwenda."

Mwanangu, nilikwenda kwake nikiwa na hakika na niliondoka nimechanganyikiwa upya. Maana alikuwa na haki. Agnesi ana haki na Side ana haki, na sheria yangu haikuwa na nafasi ya kuwatosha wote wawili. Tulikuwa tumesema lini mtu asipige kelele, hatukusema wapi apige. Ni kama kumwambia mtu asikojoe ukutani katika mtaa usio na choo. Na kweli, ukiuliza, mtaa wetu haukuwa na choo cha umma.

Mkutano uliofuata nilisimama tena. Nikasema napinga pendekezo langu mwenyewe.

"Diploma imeisha muda!" mtu akapaza sauti, na nadhani alikuwa shemeji. Mkutano ulicheka kwa raha, nikasubiri. Nikasema faini kwa mwenye nyumba inamfundisha kumsukumia jirani tatizo, haimfundishi kulimaliza. Nikasema kule Chang'ombe wanakochomelea vyuma kuna kelele tangu asubuhi na hakuna anayelala, na pembeni yake kuna kipande cha ardhi ya mtaa kisichotumika. Mheshimiwa diwani awape mafundi spika ruhusa wajaribie huko. Nikasema pia kila mwenye nyumba anayepokea mpangaji amtembelee kwanza mwenye nyumba wa zamani, amuulize kwa mdomo wake, asimwachie dalali. Hapo vichwa vilitikiswa kukubali. Kisha nikasema tuweke ukomo wa kodi ya mbele.

Ah! Ungedhani nimetukana dini. "Unataka tujenge kwa mate?" "Yeye amekwisha kupaua, sasa anatufungia mlango!" Mzee mmoja alisimama akaketi akasimama tena. Nilimtazama diwani anisaidie. Diwani aliangalia daftari lake. Baadaye nilikuja kusikia naye ana nyumba ya kupangisha Mbagala.

Likapita la eneo la Chang'ombe, na faini ikaondolewa. La kuulizana likabaki hiari ya mtu. La kodi halikupita, na mpaka leo halijapita. Sikujua nilikuwa nimeshinda au nimeshindwa. Nilielewa kitu kimoja tu: lile ambalo sheria haikunifanyia, nilipaswa kujifanyia mwenyewe.

Nikashuka kwenye kiburi changu nikatafuta kazi. Mimi mwenye nyumba, mwenye vyumba na ua, nikawa nasimamia mafundi kwenye ujenzi wa hoteli moja Kunduchi, naondoka alfajiri narudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Shemeji alisema, "Kumbe amefulia, hana kitu." Nikamwacha. Sikupokea tena kodi ya mbele. Aliyemaliza miezi yake alianza kulipa mwezi kwa mwezi. Anayetaka kuondoka nilimrejeshea. Watu waliniita mjinga, na mama Kulwa alipunguza sukari nyumbani bila kusema kwa nini. Dawa ya deni kulipa, na dawa chungu hainywewi kwa kijiko cha mwenzio.

Wa kwanza kumrejeshea alikuwa Agnesi. Nilimsubiri getini asubuhi anaporudi kazini, nikampa mkononi.

"Hii ni yako yote. Mlango uko wazi, mwanangu. Nenda Kunduchi kwa amani."

Aliishika akaitazama. Nilidhani atalia au atashukuru. Akapiga mwayo, mwayo mrefu kweli, akasema, "Ngoja nilale kwanza, baba." Akaingia chumbani. Alilala mpaka mwanawe aliporudi shule. Kesho yake hakuhama. Mwisho wa mwezi alilipa kodi ya mwezi mmoja. Nilipomuuliza, alisema, "Nikijua naweza kuondoka, napumua." Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Sijalimaliza.

Side alihamishia kazi kule kwa wachomelea vyuma, na vijana wengi, hata wale wa vyumba vya nyuma, wakamfuata. Siyo wote. Wajukuu wa Bi Tatu walibaki ukutani kwangu, ila sasa waliniamkia. Jumamosi Side alikuwa bado analeta spika nyumbani, anajisahau.

Ikafika siku ya mwisho ya madeni yangu. Aliyebaki alikuwa Side mwenyewe, ambaye kodi yake ya mwaka nilikuwa nimeijengea paa lote la ubavu wa kulia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, singeli inalia pale getini. Nikamwita, nikamhesabia sehemu iliyobaki mpaka ya mwisho. Nilikuwa nimeisubiri siku ile muda mrefu. Usiku niliandaa hata hotuba ya kumfukuza, hotuba nzuri, yenye vipengele.

Akahesabu, akatia mfukoni. "Kwa hiyo, mzee, sasa unaweza kunitoa."

"Naweza. Leo hii hii."

"Najua."

Nami nikaitafuta hotuba yangu nisiione. Sielewi ilikwenda wapi. Nikajisikia nasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Kazime hiyo kitu, Side. Agnesi amelala."

"Haya, baba."

Akaenda akazima. Mwanangu, nilisikia kuku wa Bi Tatu wakiparura upande wa pili wa barabara. Side akarudi, akatoa zile fedha mfukoni, akachambua kidogo akanipa. "Shika ya mwezi huu." Ndipo nikavuka barabara na jogoo mkononi kwenda kukikomboa kiti changu, na Bi Tatu alikitoa nje kabla sijafika, maana alikuwa amesikia ukimya.

Sijui ni nini hasa kilichoiponya nyumba yangu: fedha, lile eneo la Chang'ombe, neno moja lililosemwa mapema, au kiti kilichochukuliwa. Huwa nadhani nimejua, kisha nachanganyikiwa tena. Lakini nililolishika nakupa. Ukiwa mwenye nyumba, usile kodi ya siku ambazo jua lake halijachomoza, na kama shida itakulazimisha kuila, usisahau kwamba tangu hapo wewe ndiye mpangaji. Mkorofi usimsukumie jirani, atarudi kwako amevaa shati la kuchomekea. Nawe ukijaliwa bahati ya kutunga sheria, kabla hujamkataza mtu mahali, mwonyeshe mahali pengine, na umuulize yule anayelala wakati wewe uko macho. Elimu niliyo nayo naipenda na bado imetundikwa sebuleni. Nimeishusha kidogo tu, iwe usawa wa kile kiti cha mninga.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, akupe na mdomo wa kuisemea. Akupe majirani watakaokuambia ukweli huku wanacheka. Na kila anayelala chini ya paa lako, usiku au mchana, na aamke salama.